Mwenye Sura Aje Mwenyewe

Ninyi mnaokaa nchi zile zenye kelele mnatusema vibaya, nimesikia. Mnasema kwetu watu hupotea. Jamani! Mtu atapoteaje katika nchi ambayo chuo kikuu chake kina Kurugenzi nzima ya Sura na Taswira, yenye mkurugenzi, naibu wake, kiyoyozi, na mimi? Naitwa Mbaruku, Afisa Sura Daraja la Pili. Haya nitakayoyasema niliyaona kwa macho yangu, kwa hiyo zimeni redio zenu mnisikilize.

Kurugenzi yetu ilizaliwa hivi. Mtukufu Rais alitaka picha yake ya enzi za uanafunzi, aitundike sebuleni. Maktaba ikapekuliwa juu chini, picha ikaonekana ndani ya sanduku lililoandikwa Mifugo. Kisa chenyewe ni kwamba Mtukufu alikuwa amesimama kando ya ng'ombe wa Kitivo cha Kilimo, na ng'ombe ndiye aliyeitazama kamera vizuri zaidi. Mkutubi Mkuu akaitwa aeleze. Akaeleza. Alipomaliza kueleza alipelekwa masomoni, na mpaka leo hajarudi. Ni masomo marefu, ndivyo anavyoambiwa mkewe kila akienda kuuliza.

Ndipo akateuliwa Profesa Kasiga, mtu mwenye shingo fupi na majina marefu, apange upya picha zote za chuo. Siku ya kuapishwa alisema, "Taifa lisilopanga picha zake ni taifa lililolala na viatu!" Hakuna aliyeelewa, lakini tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha kazi ikaanza. Kila picha tuliyoikuta, ya karatasi, ya kioo, ya filamu iliyoliwa na mende, tuliipitisha kwenye skana, tukaiingiza kwenye kompyuta, tukaiandikia maelezo: nani yumo, yuko wapi, anafanya nini. Neno "hajulikani" lilipigwa marufuku, maana katika nchi yetu kila mtu anajulikana.

Lakini Profesa hakulala usingizi. Aligundua kwamba mtu yeyote aliweza kuingia ofisini akatazama picha ya mtu mwingine, hivi hivi, bila hata kumbishia hodi. Akatunga Kanuni ya Mwenye Sura. Inasema kwamba sura ni mali ya mwenyewe, na picha haitaonyeshwa kwa yeyote isipokuwa mwenye sura, akifika yeye mwenyewe, na sura yake akiwa nayo.

Kanuni nzuri mno. Palitokea usumbufu mdogo tu. Mhadhiri mmoja wa fizikia alitaka picha ya harusi yake, tukamwambia aje na bibi harusi. Bibi harusi alikuwa ameshaachika kwake na kuolewa na mkuu wa idara, basi wakaja wote watatu, wakaketi wakiangalia feni. Wahitimu wa miaka ya nyuma waliotaka picha ya darasa lao walitakiwa kuja darasa zima, na marehemu watume udhuru kwa maandishi kupitia wakuu wa vitivo vyao. Hata picha ya Mtukufu iliyo ukutani ilitutia mashakani, maana mwenyewe hakuwa ameketi nasi pale. Tukawa tunapita ukumbini tumeinamisha macho mpaka mhasibu akaanguka ngazini, ndipo ukatolewa waraka wa kuturuhusu kuitazama, kwa heshima na kwa kifupi.

*

Sasa nije kwenye ile siku ambayo redio zenu zinaiita jina lingine. Sisi tunaiita Siku ya Utulivu. Wanafunzi walikusanyika kwenye uwanja wa mbele ya maktaba kuomba maji yarudi mabwenini. Serikali yetu ni sikivu, maji waliletewa pale pale: yalikuja ndani ya gari, yakatolewa kwa bomba, kwa kasi kubwa. Nyuma ya gari la maji yalifuata magari mengine ambayo hayakubeba maji.

Mpiga picha wa chuo alikuwepo. Ameajiriwa kupiga picha na hakuna aliyemwambia aache, basi akapiga nyingi. Zilipoletwa kwetu ziandikiwe maelezo, Profesa alizitazama, akazitazama tena, akatokwa jasho na kiyoyozi kinanguruma.

"Hawa wanafanya nini, Mbaruku?"

"Wanakimbia, Profesa."

Uso wake ukakunjuka. "Basi ziweke kwenye Michezo!"

Zikaenda kwenye Michezo, fungu la riadha. Wale waliokuwa wamelala chini tukawaweka kwenye mazoezi ya viungo.

*

Hazikupita siku nyingi akaja Bi. Somoe. Huyu ni fundi cherehani wa soko la chini, anashona sare za shule, mama mwembamba mwenye kidole chenye sugu ya sindano. Nilimwamkia shikamoo, naye akaitika kwa upole, akakaa, akaweka kipochi magotini.

"Baba, mimi nina mtoto mmoja," akasema. "Chande Mnyalu, yuko mwaka wa tatu hapa hapa, anasomea uhandisi wa maji. Tangu siku ile ya uwanjani sijamtia machoni. Polisi wanasema hawakumchukua mtu, wanasema labda kahamia kwa mchumba. Lakini mwenzake alimwona akitiwa kwenye gari, na mpiga picha wenu alikuwa karibu. Nataka niione hiyo picha. Nijue walimshika akina nani, nijue mlango wa kugonga."

Nikaangalia kwenye kompyuta. Sisi si watu wa kuficha. "Picha ipo, mama. Ila sura iliyomo ni ya Chande. Kanuni inataka mwenye sura aje mwenyewe."

"Mwanangu, huyo mwenye sura ndiye ninayemtafuta."

"Nimekuelewa vizuri sana. Ukimpata, mlete hapa, tutampa picha ikusaidie kumtafuta."

Akachukua kipochi chake, akaondoka. Wallahi sikuona nimekosea wapi.

Kesho yake alirudi, na keshokutwa. Akawa anakuja na kazi yake, anakaa barazani anapinda sketi za watoto, saa ya kufunga anaondoka. Kila siku aliniuliza swali lile lile, nami nikampa jibu lile lile, halafu tukaulizana hali. Siku moja aliona mkono wa koti langu umefumuka, akaniambia nivue, akaushona pale pale bila kuniomba kitu. Nilimpenda yule mama, wacha nisiwafiche. Akichelewa asubuhi nilikuwa nachungulia dirishani kama mtoto anayesubiri kuletewa uji.

Mara moja nilithubutu kumwendea Profesa. "Yule mama wa barazani, Profesa, hakuna namna?"

"Mbaruku," akaniambia, akifunga mlango, "Mkutubi Mkuu naye alikuwa na huruma. Unataka kwenda masomoni?"

Nikarudi mezani kwangu.

*

Ikaja siku ya kuzinduliwa Mashine ya Utambuzi. Iliagizwa kutoka ng'ambo, ina jicho moja na taa mbili. Unakaa mbele yake, inakutazama, inapekua picha zote za chuo, kisha inakwambia wewe ni nani. Ikikutambua inawaka kijani. Isipokutambua inawaka nyekundu, na mlango unajifunga.

Waziri alikuja na msafara, na ngoma, na kamera za televisheni. Akakata utepe, akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Zamani kila mtu alijitambua mwenyewe. Ilikuwa gharama! Ilikuwa kupoteza muda! Kuanzia leo serikali yenu inawatambua kwa niaba yenu! Na ninasema mbele ya dunia nzima, mashine hii haikosei. Atakayesema imekosea, basi na yeye tutamtambua!"

Makofi yalipopungua akataka ionyeshwe inavyofanya kazi, kwa raia wa kawaida. Tulikuwa watumishi wengi ukumbini na ghafla kila mmoja akawa anafunga kamba za viatu, hata waliovaa ndala. Profesa akatupa macho nje, akamwona Bi. Somoe na sketi zake.

"Yule pale! Raia wa kawaida kabisa!"

Akaletwa, akaketishwa kwenye kiti, sindano ingali imechomekwa kwenye kanga. Tausi, dada anayeiendesha mashine, akabonyeza. Jicho likamtazama mama usoni, paji, pua, kidevu. Mashine ikanguruma. Ikawaka kijani.

Tausi akasoma kwa sauti kabla hajafikiri: "Chande Mnyalu. Mwaka wa tatu. Uhandisi wa Maji."

Halafu akajiziba mdomo. Mpiga ngoma mmoja akaweka ngoma chini taratibu.

"Ni mama yake, Profesa," Tausi akanong'ona. "Wamefanana. Pua ile ile, macho yale yale. Imechanganya."

"Imezinduliwa na Waziri sasa hivi," Profesa akamjibu bila kufungua meno. "Unataka kupanda jukwaani ukamwambie imechanganya? Nenda. Mimi nitakushikia kipochi."

Tausi hakwenda popote. Waziri alimtazama yule mama wa kanga, akaitazama taa ya kijani, akazitazama kamera. "Wewe ndiye Chande?" akauliza.

Nilishafungua mdomo niseme siye. Bi. Somoe akanigeukia, akanikazia macho mpaka nikaufunga. Kisha akamgeukia Waziri.

"Ndiye mimi, mheshimiwa."

"Hongera sana, kijana! Usome kwa bidii!" Wakashikana mikono, kamera zikamulika.

"Na kwa kuwa mwenye sura nimekuja mwenyewe," Bi. Somoe akasema, mkono wa Waziri bado ameushika, "naomba kuiona picha yangu."

*

Kanuni ni kanuni. Tulimfungulia picha. Lakini msisahau, waliomo wengine hawakuwa wamefika na sura zao, kwa hiyo kila uso uliwekewa kiraka cha kijivu. Namba ya gari nayo ilizibwa, maana kamati ilishaamua kwamba upande wa mbele wa gari ni sura ya gari. Kwa hiyo waliomshika hawakuonekana ni akina nani. Aliyeonekana ni Chande peke yake kati ya viraka, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna, kageuza shingo anaitazama kamera.

Bi. Somoe akaweka kiganja kwenye kioo cha kompyuta.

"Shati hili nilimshonea mimi," akasema. "Angalia begani lilivyotatuka. Kitambaa hiki ni kigumu, hakitatuki hivi hivi. Wamemvuta kwa nguvu."

Tausi akatoka nje analia. Na mimi nililia, afisa mzima, na tai shingoni.

Jioni yake televisheni ya taifa ilitangaza: MWANAFUNZI ALIYEDAIWA KUPOTEA APATIKANA, AMSHUKURU WAZIRI. Ikaonyeshwa picha ya Waziri akimpa mkono mama wa makamo aliyejifunga kanga. Nchi nzima ilitazama, na hakuna aliyecheka mbele ya mwenzake. Polisi wakafunga jalada. Kitivo cha Uhandisi kikamwandikia Chande onyo la utoro. Tukadhani mambo yamekwisha.

Asubuhi simu ya Profesa ikalia. Ilitoka ofisi ile isiyo na kibao mlangoni, mnayo hata huko kwenu, msijitie hamnazo. Kwa haraka Profesa akabonyeza kitufe kisicho chake, sauti ikatoka chumba kizima tukaisikia.

"Profesa. Tumeona kwenye televisheni mmempata Chande."

"Ndiyo, mkuu! Kwa teknolojia!"

"Ajabu. Na sisi tunaye."

Profesa akalegeza tai. "Haiwezekani, mkuu. Mashine imezinduliwa na Waziri."

"Kama yuko kwenu, maana yake kwetu katoroka. Na kwetu hatoroki mtu." Sauti yenyewe ilikuwa ya upole, kama ya daktari. "Kesho asubuhi tunakuja kumchukua. Tuandalieni na cheti chake cha utambuzi."

"Na yule mliye naye, mkuu?"

"Huyo tutaona la kumfanya."

Simu ikakatika. Mwingine angezimia, lakini Profesa Kasiga aliketi akaandika waraka, na uso wake ulikuwa uking'aa kwa fahari. Ulisema hivi: katika mkusanyiko wowote wa serikali, zikipatikana sura mbili za mtu mmoja, ibaki ile iliyothibitishwa na mashine, na nakala iondolewe. Akaupiga muhuri, akanikabidhi pamoja na cheti.

"Utafuatana nao, Mbaruku. Wasaini kila mahali."

*

Nilitoka ofisini mbio mpaka soko la chini. Nilimkuta anashona.

"Mama, funga cherehani uondoke. Nenda kwa ndugu, nenda popote. Kesho wanakuja kukuchukua. Wanasema wewe ni Chande na umetoroka kwao."

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio. "Wamesema hivyo? Kwamba wanaye?"

"Nimewasikia kwa masikio yangu."

"Yu hai, Mbaruku?"

"Walisema wanaye, mama. Hawakusema marehemu. Lakini hata yeye sijui kesho watamfanya nini."

Akapiga kigelegele kimoja, kidogo, katikati ya soko, kisha akajiziba mdomo kwa kipande cha sare. Machozi yakamtoka mpaka akashindwa kuiona sindano. Nilimwomba tena aondoke. Nilimsihi kama ninavyomsihi mama yangu mzazi.

"Wewe unaijua njia nyingine ya kunifikisha alipo?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa.

"Basi waje."

Na walikuja. Gari lilikuwa jeupe, safi, limenyunyiziwa manukato ndani. Bi. Somoe alikuwa anawasubiri barazani kwetu, amevaa gauni la sikukuu. Kiongozi wao akamtazama, akatazama karatasi, akamtazama tena.

"Huyu ni mama mtu mzima."

"Mashine imethibitisha," Profesa akasema kutoka nyuma ya mlango.

Jamaa akainua mabega, akafungua gari.  Njiani kijana aliyekaa kando ya Bi. Somoe alimwambia, "Sogea kidogo, mama," akashtuka, akajirekebisha: "Sogea, Chande."

*

Mahali penyewe sitawaambia ni wapi. Kuna ukuta mrefu na lango la bati, na ndani ya lango kuna sajini mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilimkabidhi cheti na waraka. Aliusoma polepole huku akifuata maneno kwa kidole.

"Chande mmoja tunaye ndani," akasema. "Huyu ni wa pili."

"Huyu ndiye aliyethibitishwa," nikamjibu. 

"Nimeona. Abaki aliyethibitishwa, na nakala iondolewe." Akavua miwani. "Iondolewe ipelekwe wapi? Hapa hapajaandikwa."

"Kwa kawaida yetu ni kule nyuma," akasema yule kiongozi, akaelekeza kidevu pembeni mwa jengo. Niliona ukuta, na majembe yameegemezwa, na udongo uliofukuliwa karibuni. Bi. Somoe aliuona pia. Alinishika mkono wa koti, akaukamata kwa nguvu zake zote.

Sijui niliupata wapi ule ujasiri. Nilikohoa kama anavyokohoa Profesa.

"La hasha! Kifungu cha kumi na moja cha Kanuni za Kurugenzi ya Sura na Taswira kinasema nakala hutolewa nje ya lango, ikiwa nzima, mbele ya Afisa Sura, ambaye ataichukua. Mkiiharibu, mashine itaonyesha pengo, na Waziri atauliza."

Hakuna kifungu kama hicho. Nilikitunga pale pale nikakipa na namba. Sajini akaniangalia, akauangalia muhuri, akashusha pumzi. Neno Waziri lilikuwa limemwingia.

"Mleteni," akasema.

Wakamleta. Alikuwa peku, mwembamba mno, anafinya macho kwa ajili ya jua. Alipomwona mama yake alisimama, midomo ikafunguka, neno likawa liko pale pale linataka kutoka.

Bi. Somoe akamwahi. "Unanikodolea nini?" akafoka, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. "Mimi ndiye Chande Mnyalu. Wewe nenda zako!"

Sajini akavaa miwani yake, akamsogelea yule kijana mpaka karibu. "Unamjua huyu?"

Kijana alimtazama mama yake. Mama yake alitazama pembeni, kwenye bati la lango, mikono kaibana nyuma.

"Simjui," akasema Chande.

Wakampitisha mama ndani, wakamsukuma mwanawe nje kwangu, na lango likafungwa. Nilimwambia atembee tu, asiseme kitu, asigeuke. Tulikuwa hatujafika mbali wakaanza kuita majina kule ndani. Waliita moja, wakaita jingine, kila mtu akaitika. Walipomwita Chande Mnyalu, sauti ya mama yake ikaitika, "Nipo." Kijana akasimama katikati ya njia, nami nikamvuta mkono.